Mzaha Uliofungua Mlango wa Nne

Mlango wa nne wa Mtaro wa Kusini ulifunguka saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, na hakuna mtu aliyekusudia ufunguke. Kilomita saba mbele yake, ndani ya mtaro, chini ya mlima, walikuwemo watu watano wakiziba nyufa. Maji yangewafikia saa nne na dakika arobaini.

Mwandishi wa zamu nilikuwa mimi.

Jambo la kwanza lilikuwa kikombe. Kituo chetu kimejengwa juu ya mwamba uleule unaobeba milango, na mlango wowote ukianza kupanda, meza hutetemeka na kikombe hutembea. Kikombe changu kilitembea. Nikatazama ukutani. Taa ya mlango wa nne ilikuwa ya kijani.

“Saumu,” nikaita. “Nani ameagiza maji?”

Saumu Mdoe alikuwa chumba cha pili na mlango wake uko wazi. Ndiye fundi wa programu ya Daftari, binti wa Korogwe wa miaka ishirini na tisa, msomi kweli kweli, na bado alikuwa ananiamkia kila asubuhi.

“Hakuna maji leo, mzee. Mtaro mkavu mpaka Alhamisi.”

“Njoo utazame.”

Akaja na kipande cha muhogo mkononi. Alipoiona taa aliuweka muhogo juu ya karatasi zangu, jambo ambalo siku nyingine ningelisemea.

Nikaandika: Funga mlango wa nne. Daftari likajibu papo hapo.

AMRI YA MWINGINE. ATENGUE MWENYEWE AU MKAGUZI, AU SUBIRI SAA MOJA.

“Mwingine nani?” Saumu akauliza.

Nikashuka mstari mmoja chini, jina likatokea. KASSIAN TAWETE.

“Haiwezekani,” nikasema. “Kassian yuko ndani ya mtaro.”

*

Kwa wale wa mikoa ambako maji bado yanafunguliwa kwa mkono, inabidi nieleze Daftari.

Zamani, mtaro ulipokuwa mpya, kijiji kimoja kilifungua mlango na kijiji cha pili kikaufunga. Siku moja mlango wa pili ulifunguliwa na kufungwa mara kumi na moja mpaka meno ya gurudumu yakakatika. Watu walikatana mapanga. Ikatungwa sheria: mlango hausogei bila amri iliyoandikwa katika Daftari, na amri ikishaandikwa haitenguliwi kabla ya saa moja, ila na mwenyewe aliyeitoa au Mkaguzi wa makao makuu. Kuandika ndiko kuamuru. Hakuna kitufe wala usukani. Mhandisi wa zamu anaweka muhuri alfajiri, muhuri unashika siku nzima, kisha mwandishi anaandika Kiswahili cha kawaida, mashine inasoma na kutenda. Isichokielewa inakiruka.

Lakini kitabu hichohicho ndicho kinachopokea taarifa, malalamiko na ushahidi wa watu. Kwa hiyo mashine ilifundishwa tofauti moja tu. Maneno yaliyo kati ya alama za kunukuu ni maneno ya watu: yahifadhi, usiyatende. Yaliyo nje ni amri. Sisi waandishi tunaokaa dirishani alama zile tunaziita ndoana.

Kuna sheria nyingine, na hii niliipenda. Maneno ya mfanyakazi yanaandikwa kama yalivyotoka kinywani. Walikuwepo waandishi waliokuwa wakiyapunguza. Mtu alisema “msimamizi alinipiga”, kitabuni yakaingia “palitokea kutoelewana”. Mimi niliacha shule kidato cha pili, lakini kuandika anachosema mtu nakuweza, na sijawahi kumpunguzia mtu neno.

Kassian Tawete alikuwa kiongozi wa kikosi cha wazibaji. Mngoni wa Peramiho. Mimi ni Mhehe wa Kalenga. Kwa hiyo ni watani, na kwa miaka kumi na minne hatukuwahi kusalimiana kwa adabu. Nilipofiwa na mama, alilala ndani ya kaburi akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Ndivyo inavyotakiwa.

Saa nne na dakika kumi asubuhi ile alipiga simu ya waya kutoka chini ya kisima cha ngazi, shimo refu ambalo wazibaji huingilia na kutokea mtaroni, akatoa taarifa ya kikosi kama kawaida. Sauti yake inatambuliwa na mashine, hiyo ndiyo sahihi yake. Nikaandika alivyosema, na Daftari likahifadhi. Nilipoirudia taarifa ile na Saumu akiwa amesimama nyuma yangu, ilikuwa hivi:

"Nyufa tatu tumeziba, mbili bado. Asubuhi nilimwambia Lunyungu, "Fungua mlango wa nne. Nataka kuwaogesha Wahehe wa bondeni, hawajaona maji tangu babu zangu wawakimbize." Hakucheka. Saruji imebaki mifuko sita."

(Lunyungu ni mimi. Na aliyekimbizwa ni babu yake, hilo linajulikana.)

Saumu alisoma mara moja. Akavuta kiti, akakaa, akasoma tena huku kidole chake kikifuata mstari.

“Ndoana ya kwanza inafungua,” akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Hii ya pili, hapa kabla ya ‘Fungua’, wewe umeweka kuonyesha anajinukuu mwenyewe. Daftari limeona ndoana ya kufunga. Limedhani maneno ya Kassian yameishia hapo. Yaliyofuata yako nje.”

“Miaka yote naandika hivi.”

“Miaka yote palikuwa na mkwaju.”

Mkwaju ni kistari kilichoinama. Kila nilipoweka ndoana ndani ya maneno ya mtu, Daftari lenyewe liliweka mkwaju mbele yake, na mkwaju uliiambia mashine: hii inayofuata si mwisho, ni alama tu, endelea kusikiliza. Nilizoea kuiona mikwaju ile kwenye kurasa. Sasa nikatazama taarifa ya Kassian. Hapakuwa na hata mmoja.

“Iko wapi?”

“Nimeitoa Jumatatu.” Saumu hakunitazama. “Wakaguzi walilalamika. Walisema kitabu kikichapwa kinaonekana kama mbuzi wamepita juu yake. Wakataka ukurasa safi. Ilitakiwa niitoe wakati wa kuchapa. Nimeitoa wakati wa kuhifadhi.”

Saa ilikuwa nne na dakika kumi na nane.

*

Nikapiga makao makuu. Kijana wa huko akasema ombi letu limepokelewa na ni la kumi na saba kwenye foleni. Nikamwambia kuna watu watano ndani ya mtaro. Akasema kama ni dharura nibonyeze moja. Nikabonyeza moja. Akapokea yuleyule.

Nikaacha ile simu mezani ikiwa wazi, nikapiga kengele ya kisima. Kengele ile inasikika kilomita nzima ndani ya mtaro. Walichukua dakika mbili kufika.

“Monile, Mhehe,” Kassian akasema, anahema. “Mbona kengele kama ya msiba? Umekufa?”

“Kassian, mlango wa nne umefunguka.”

“Tania kitu kingine.”

“Sitanii.”

Nikasikia anawanyamazisha wenzake. Kisha, “Kafungua nani?”

“Wewe.”

Nikamweleza kwa maneno machache. Hakunikatiza. Nilipomaliza alicheka mara moja, cheko kavu.

“Siku zote nasema nyinyi Wahehe mnachukulia mambo kwa uzito. Haya. Tunapanda kisima, tunatoka. Maji yatapita tupu.”

“Jaribu kifuniko.”

Nilimsikia akimtuma mtu. Nikasikia viatu kwenye chuma, vinapanda, mita kumi na nane. Kisha kishindo, na kingine. Kifuniko cha kisima ni chuma kinene kama upana wa kiganja, na hujifunga chenyewe mlango wowote ukifunguliwa, ili mtu asiingie mtaroni maji yakiwa njiani. Aliyebuni alifikiria wanaoingia.

“Kimefungwa,” Kassian akasema. Hapo hakuwa anatania tena.

“Kitafunguka mlango wa nne ukikaa chini kabisa. Unachukua dakika nane kushuka.”

“Si uushushe?”

“Daftari halinikubalii. Linasema amri ni yako, utengue wewe.”

“Nimetengua. Natengua sasa hivi. Andika.”

“Nikiandika kama taarifa yako, inaingia ndani ya ndoana. Haitendwi.”

Saumu alikuwa amesogea. Akasema polepole, kwangu, si kwa Kassian: “Itatendwa ukiiandika vilevile kama ya kwanza.”

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Kassian aseme kwamba aliniambia nifunge. Mimi niweke ndoana ndani ya ndoana. Mashine itadhani maneno yake yamekwisha, itasikia amri, itaona jina ni lilelile la aliyefungua, itatii.

“Usirudishe mkwaju,” nikamwambia.

“Sijaurudisha. Lakini mzee, ya kwanza ilikuwa ajali. Hii ukiiandika unajua unachofanya. Ni kughushi amri ya maji. Ni miaka.”

“Najua ni miaka.”

“Na kuna Mgelema.”

Nilikuwa nimeisahau Mgelema. Nasema ukweli, kwa muda kama wa kunywa maji, niliisahau.

Maji yakishaingia mtaroni, mlango wa nne ukifungwa ghafla, yaliyo nyuma yake hayana pa kwenda. Mashine yenyewe hufungua mchepuko ili mtaro usipasuke, na mchepuko unamwaga bonde la Mgelema. Kule chini kuna vinyungu, bustani zile za bondeni watu wanazolima kiangazi, mboga na mahindi mabichi. Ilikuwa siku ya kumwagilia. Saa nne asubuhi, kijiji kizima kimeinama na ndoo. Maji ya mchepuko huwafikia kwa dakika mbili.

Saumu alikwisha kupiga. Akanipa simu yake, nikawa na simu mbili, moja kila sikio.

“Mama Sekinyaga? Mwenyekiti? Mimi Lunyungu wa kituoni.”

“Kamwene, Lunyungu.”

“Kamwene, mama. Toa watu vinyunguni. Wote, sasa. Nitafungua mchepuko.”

“Utafungua lini?”

Nikatazama saa.

“Lunyungu. Lini?”

“Unahitaji muda gani?”

Akafikiri. Mwanamke yule hapayuki. “Bonde ni refu, na wazee wako upande wa juu. Nipe dakika ishirini.”

Saa ilikuwa nne na dakika ishirini na mbili. Ishirini zake zingeishia arobaini na mbili. Mlango unachukua nane kushuka, na maji yanafika kisimani arobaini. Ili kifuniko kifunguke kabla ya maji kufika, ilinipasa kuandika kabla ya thelathini na mbili.

“Piga kengele yenu, mama. Anza sasa.”

“Nimekwisha kumtuma mtu,” akasema.

*

Nikamwambia Kassian. Sikumficha.

“Wako wangapi huko bondeni?”

“Sijui. Mia moja. Siku ya kumwagilia.”

“Wanataka dakika ishirini.”

“Ndiyo.”

“Na sisi tunazo kumi.”

“Tisa.”

Nyuma yake nilisikia sauti ya mwanamke. Modesta Chengula, mchomeleaji, Mbena wa Njombe, mtu mkimya ambaye nadhani sikuwahi kumsikia akisema sentensi tatu mfululizo. “Mwambie aandike, Kassian. Anasubiri nini? Mwambie aandike sasa.”

“Umemsikia,” Kassian akasema.

“Nimemsikia.”

“Mimi sitakuambia usubiri, Lunyungu. Na sitakuambia uandike. Nikisema hivi nimewaua hawa nilionao hapa, nikisema vile nimewaua wale. Maneno nakupa. Lini utayatia kitabuni, ujue mwenyewe.”

“Ni jina lako litakalokaa.”

“Jina langu limeshakaa. Andika.”

Akasema, na mimi nikaandika alivyosema, nikiweka kila ndoana mahali pake kwa mkono ambao sasa ulijua:

"Nasema tena. Nilimwambia Lunyungu, "Funga mlango wa nne." Ni hayo tu."

Maneno yakakaa kwenye kioo, hayajahifadhiwa. Kilichobaki ni kubonyeza. Saa ilikuwa nne na dakika ishirini na saba.

“Pandeni ngazi,” nikamwambia. “Mkae chini ya kifuniko, mshikane. Kikilegea mtasikia.”

“Simu haifiki juu.”

“Najua.”

“Basi nitakaa nayo mpaka nione maji. Halafu nitakuachia Wahehe wenzako.” Nikamsikia akiwatuma wenzake ngazini. “Wewe mtu, mbona mkono wako mzito? Kwa kuandika umbea uko mwepesi.”

Nikaibana simu ya pili sikioni.

Sikio la pili lilikuwa Mgelema. Nilisikia kengele yao, chuma cha gurudumu kinagongwa kwa nyundo, na watoto, na mbwa. Mama Sekinyaga alikuwa anatembea huku anahema na kunihesabia. Upande wa chini wanapanda. Kwa kina Kalinga wametoka. Mwanamke fulani amerudia ndoo, ametukanwa, ameiacha. Upande wa juu, kwa wazee, bado.

“Thelathini,” Saumu akasema.

“Mama, upande wa juu.”

“Nimewatuma vijana. Ni mbali.”

“Thelathini na moja.”

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nilitaka mtu anishike mkono auangushe. Makao makuu walikuwa bado kwenye simu ya mezani. Nilisikia muziki wao wa kusubirisha.

“Thelathini na mbili, mzee.”

Kassian alisikia hilo. Nilisubiri aseme, na hakusema.

“Mama Sekinyaga, nani amebaki?”

“Upande wa juu wameanza kutoka. Nawaona. Wanapanda kwa ule mteremko wa mawe, wazee wanashikwa. Nipe kidogo.”

“Sina kidogo.”

“Nipe hicho ulicho nacho.”

Saumu akanyoosha mkono abonyeze. Nikamshika kifundo. Sikumshika kwa nguvu lakini hakujinasua. Alikuwa analia bila sauti, na jicho lake liko kwenye saa. “Mzee, kila dakika sasa ni dakika ya wao kuwa ndani ya maji.”

“Najua.”

“Thelathini na tatu.”

Upepo. Hilo ndilo lililofuata kwenye sikio la Kassian, upepo. Maji yakija ndani ya mtaro yanasukuma hewa mbele yake, na wazibaji wote wanajua maana ya upepo mtaroni.

“Umeanza,” akasema.

“Panda.”

“Wanapanda. Mimi bado.”

“Thelathini na nne.”

“Mama, wangapi?”

“Wachache.”

“Wachache ni wangapi?”

“Siwaoni vizuri, kuna mahindi. Lunyungu, mzee Mgovano simuoni. Mjukuu wake amerudi kumfuata. Amerudi, nimemkataza, amerudi.”

“Thelathini na tano.”

Sina maelezo mazuri ya ile dakika. Sikupima kitu. Watu wakiniuliza huwa wanataka niseme nilifikiri hili na lile. Nilimtazama Saumu, nikatazama maneno ya Kassian kwenye kioo, nikasikia mbwa wa Mgelema na upepo wa mtaro kwa pamoja kichwani. Saa ikageuka thelathini na sita. Nikabonyeza.

AMRI IMEPOKELEWA. KASSIAN TAWETE. MLANGO WA NNE UNAFUNGWA. MCHEPUKO UMEFUNGULIWA.

“Nimeandika,” nikawaambia wote wawili.

Sauti ya Mama Sekinyaga ikawa mbali. Nadhani aliishusha simu ili apaze sauti. Kassian alisema, “Haya.” Kisha nikasikia kipokeo kinagonga ukuta, kinaning'inia, na viatu vyake vinapanda.

Saa nne na dakika arobaini na moja simu ya kisima ilikatika. Arobaini na nne taa ya mlango wa nne ikawa nyekundu. Hamsini na tatu, makao makuu wakarudi kwenye simu, wakasema ombi letu sasa ni la nane.

*

Maji yalifika kisimani kwa wakati wake, yakapanda. Kwa dakika nne yalikuwa yanapanda kwenye kisima kilichofungwa. Waliokuwa juu kabisa walibaki na hewa ya upana wa kichwa. Waliokuwa chini ya ngazi hawakuwa na kitu. Kassian alipanda wa mwisho, kwa hiyo angekuwa wa chini kabisa, lakini Modesta na kijana wa Makambako aitwaye Ndele Mhavile walikuwa wameshuka kumvuta. Maji yaliwakuta wote watatu. Kassian alishikilia ngazi, wale wawili maji yakawang'oa. Kifuniko kilipolegea walitoka watatu kati ya watano, na yeye akiwa mmojawapo. Sijawahi kumuuliza ilikuwaje. Aliniambia mwenyewe, kwa sentensi mbili, siku ya kwanza ya baraza.

Baraza la uchunguzi lilikaa siku sita. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole, aliyevaa koti hata mchana wa joto, na alisoma Daftari kwa sauti kama mtu anayesoma somo kanisani. Amri ya Kassian Tawete: fungua mlango wa nne. Sababu iliyotolewa na mwenye amri: nataka kuwaogesha Wahehe wa bondeni. Amri ya Kassian Tawete: funga mlango wa nne. Matokeo: mafuriko bonde la Mgelema.

Ukumbini walikuwemo watu wa Mgelema. Hawakupiga kelele. Walimtazama Kassian tu.

Nilisimama nikasema maneno yale yalikuwa utani, ni mimi niliyeyaandika, na la pili niliandika kwa makusudi. Saumu alisimama akaeleza mkwaju. Alileta karatasi mbili, moja yenye mikwaju na moja isiyo nayo, akaonyesha kwa kalamu. Alieleza vizuri; hata mimi nilielewa upya. Mwenyekiti akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja.

“Binti, unasema Daftari linaweza kuandika amri ambayo mtu hakuitoa?”

“Ndiyo, mheshimiwa. Wiki ile lilikuwa linaweza.”

“Tutajuaje ni wiki ile tu?”

Saumu akazitazama karatasi zake mbili. Kwa Daftari lile watu wamefungwa, vijiji vimenyimwa maji, wasimamizi wamefukuzwa. Wote ukumbini walielewa alichouliza. Mwenyekiti akatikisa kichwa taratibu, kwa huruma nadhani, akasema sheria inalitambua Daftari kama lilivyoandikwa, na baraza halina uwezo wa kusoma kilichokuwa moyoni mwa mtu wakati anasema.

Hakuna aliyeniuliza kuhusu dakika nne. Daftari linaonyesha saa niliyobonyeza. Halionyeshi saa niliyokuwa tayari. Niliomba ruhusa nikazisema mwenyewe: kwamba maneno yalikuwa kwenye kioo tangu ishirini na saba, kwamba thelathini na mbili ilipita nikiiona, kwamba Saumu alitaka kubonyeza na mimi nikamzuia. Mume wa Modesta alikuwa safu ya tatu. Aliinuka akatoka nje kabla sijamaliza. Upande wa pili Mama Sekinyaga alibaki ameketi, ananitazama, na sikuweza kusoma uso wake.

Baadaye koridoni Kassian aliletwa akiwa na askari wawili. Nikamwambia, “Mngoni, umekonda.”

“Shikamoo, ndugu Lunyungu,” akasema. Tuna umri mmoja. Alisema kwa adabu kabisa, akapita.

Mikwaju ilirudishwa kimyakimya wiki iliyofuata. Kitabu kikichapwa sasa kina alama kila mahali na wakaguzi hawajalalamika. Ilani ikabandikwa juu ya dirisha: mizaha isiandikwe. Mwandishi mpya anawapunguzia watu maneno.

Hivi ndivyo ilivyogharimu.

Kassian Tawete, miaka tisa. Mimi, miaka mitatu, kwa zile dakika nne nilizokiri, nimemaliza miwili. Saumu Mdoe hakufungwa, ila hataruhusiwa kugusa programu ya umma maisha yake, na anauza vitambaa Korogwe. Vinyungu vya Mgelema, sitini na viwili, udongo wote umekwenda, imebaki changarawe.

Bondeni walikufa wawili: mzee Yordani Mgovano, miaka themanini na moja, na mjukuu wake Tumwanukye, miaka kumi na tisa. Kisimani walikufa wawili: Modesta Chengula, miaka thelathini na nne, na Ndele Mhavile, miaka ishirini na sita.

Waliotoka vinyunguni kati ya dakika ya thelathini na mbili na ya thelathini na sita, Mama Sekinyaga aliwaandika kwa majina akaniletea orodha gerezani. Ni ishirini na watatu. Ningebonyeza thelathini na mbili, Modesta na Ndele wangepanda ngazi kavu. Ningesubiri mpaka arobaini na mbili, kama mama alivyoomba, Mgovano na mjukuu wake wangefika kwenye mawe, na kisimani asingetoka mtu.

Nilisubiri dakika nne. Wanne wamekufa.